Huyo Mrefu Sikuolewa Naye

Bwenini, Iringa
Jumapili, 16 Februari 2025

Bibi Esta,

Shikamoo Bibi. Mimi mzima, nakula na kulala vizuri, ila baridi ya huku siku hizi inataka kushindana na ya Mbeya. Goti linaendeleaje? Na baba ameshatoa habari yoyote kutoka Makongolosi, au bado anatafuta mtandao juu ya kichuguu?

Nina jambo la kukufurahisha. Mwalimu Joachim ametufundisha maneno ya Kiingereza ya kueleza watu. Ubao ulijaa. Upande mmoja maneno ya umbo: "tall", "slim", "stout", "bald". Upande wa pili mambo mtu anayoyafanya bila kujijua: anayekunja uso, anayeng'ata kucha, anayekohoa kabla ya kusema. Halafu akatuambia kila mmoja achague mtu wa nyumbani kwao, amwandike mpaka msomaji aweze kumtambua stendi kati ya watu mia.

Wenzangu karibu wote waliwaandika mama zao. Wote ni "slim", wote ni "beautiful", wote wana tabasamu. Ungesikia ungedhani darasa zima tumezaliwa na mama mmoja. Mimi nilimwandika Babu. Niliandika kwamba alikuwa "short", ana kipara, na ni "bow-legged", yaani mwenye matege. Niliandika kwamba "he stammered", yaani alikuwa na kigugumizi, na kwamba neno likimganda alikuwa anapiga paja kwa kiganja mpaka litoke, na ole wake atakayemmalizia.

Mwalimu akasema ndiyo insha bora ya darasa, nije mbele niisome. Koo lilikuwa linaniwasha siku hiyo, kwa hiyo akaisoma mwenyewe.

Siku ya kutembelewa Baba Mkubwa Anania alikuja na mkate na siagi ya karanga. Nikamwonyesha. Alisoma, halafu akasema Kiingereza changu kimekomaa, kwa hiyo mimi ndiye nitakayeandika na kusoma wasifu wa Babu siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu afariki, tarehe 17 Mei. Akaondoka na insha.

Koti la Babu lile la kijivu lipo bado, au limegawiwa?

Mjukuu wako,
Tumpe


Soweto, Mbeya
9 Machi 2025

Kwa mke mwenzangu Tumpe,

Kamwene. Barua yako imenifikia imechoka. Ilikaa ofisi ya usharika tangu mwezi uliopita, yule karani akaifanya kawa la kufunikia chai, ina duara la kikombe juu ya jina langu. Nimemsema mpaka akaomba maji ya kunywa.

Goti ni lile lile, siku za mvua linajua kabla ya mawingu. Viazi vimeshika vizuri. Baba yako alipiga simu kutoka huko machimboni, akasema atakuja Mei. Nimemwambia asipokuja nitamfuata na goti hili hili.

Na wewe mbona hupigi? Wenzako wote Jumapili wanapanga foleni kwenye simu ya matroni, mama zao wananisimulia kanisani: mwanangu kapiga, mwanangu kapiga. Mimi nasimulia nini? Kwamba mke mwenzangu ananiandikia barua kama tuko mwaka wa sabini?

Sasa nisikilize. Anania amekuja hapa na karatasi imepigwa chapa, juu ina picha ya baba yake amevaa tai ambayo hakuwahi kuwa nayo. Sijui wameibandikaje. Akanisomea kwa Kiswahili yale ya Kiingereza. Eti marehemu alikuwa mrefu. Eti sauti ya upole. Eti msemaji hodari, mtu wa haiba, akiingia mahali watu wanageuka.

Nikamuuliza, huyu ni nani? Akasema ni baba. Nikamwambia, huyo mrefu sikuolewa naye. Kama kuna mwanamke aliyeolewa naye aje tukae naye eda pamoja. Mimi niliolewa na Sedekia, fundi baiskeli wa Mwanjelwa, mfupi, matege yake mtoto wa mbuzi angepita katikati bila kuinama. Aliponiposa kwetu Mlandege alikuja na mshenga wa kumsemea, na mshenga alipofungua kinywa, Sedekia akamzuia kwa mkono akataka kusema mwenyewe. Akakwama kwenye jina langu. Lile neno Esta, herufi nne tu, tulilisubiri mpaka mama akaenda kuongeza kuni. Baba yangu hakumsaidia. Neno lilipotoka, baba akasema huyu hataniongopea, maana uongo ungemchosha mno. Nikaolewa kwa kigugumizi kile, na leo mtu ananiletea msemaji hodari!

Wewe mwenyewe ulianza kama yeye. Unakumbuka? Mpaka darasa la tano ndipo Mungu akakuondolea, baba yako akatoa sadaka ya shukrani mbele ya usharika mzima, na jogoo juu. Babu yako siku ile hakuimba. Nilimuuliza kwa nini, akasema hana cha kushukuru, mtoto hakuwa mgonjwa.

Usisome karatasi ile. Nimesema.

Koti lipo. Nani wa kuligawa nikiwa hai?

Bibi yako,
Esta


Bwenini, Iringa
Jumapili, 30 Machi 2025

Bibi,

Shikamoo. Nimefurahi viazi vimeshika. Huku tunakula maharage hadi majina yetu yameanza kusahaulika. Mtihani wa katikati ya muhula umekwisha, Kiingereza nimepata A, Hesabu tusizitaje.

Kuhusu simu, foleni ni ndefu sana Bibi, na matroni anasimama hapo hapo akihesabu dakika. Barua ni nzuri. Kwenye barua nakwambia yote.

Karatasi ile si mimi niliyeiandika vile. Baba Mkubwa aliichukua insha yangu akaifanyia usafi. Amenirudishia nakala, nimeona alivyokata kwa kalamu nyekundu. "Short" ameikata akaweka "tall". "Bow-legged" ameikata, hakuweka kitu, kwa hiyo Babu sasa hana miguu kabisa. Kwenye "stammered" amekata mara mbili mpaka karatasi imetoboka, akaweka "eloquent". Ndiyo huo usemaji hodari. Lile la kupiga paja limeondoka lote, pamoja na paja.

Nilimwandikia nikamwambia siwezi kusoma uongo. Amejibu kwa ustaarabu sana. Anasema wageni kutoka Ujerumani, wale wa usharika rafiki, watakuwepo, na wakubwa wa ofisini kwake watakuwepo, na mtu havuki bahari kuja kusikiliza habari za matege. Anasema maneno ya kwenye ubao wa shule ni ya darasani, mtu akishalala kaburini anastahili maneno mazuri. Na kama mimi sitaki, binti yake Frida atasoma.

Nimefikiri sana. Mwache Frida asome, Bibi. Ana sauti nzuri, Kiingereza chake kinateleza. Mimi nitakaa karibu na wewe nikushike mkono. Wewe na mimi tunajua Babu alikuwa nani, hiyo inatosha.

Tumpe


Soweto, Mbeya
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Tumpe,

Hainitoshi.

Sijakuamkia kwa utani leo kwa sababu nimekasirika, na barua hii naiandika kabla ya kwenda kanisani ili nisiende nayo kifuani.

Wewe na mimi tunajua, halafu mimi nife, ubaki wewe, halafu iweje? Watoto wa Frida watasoma kijitabu anachokichapisha Anania na kuamini kwamba walitoka kwa mtu mrefu. Mmoja wao akizaliwa na matege watamkimbiza hospitali. Akizaliwa na ulimi mzito watasema ameutoa wapi, kwetu hakuna. Watamtolea jogoo.

Nikwambie jambo la Anania, kisha ulisahau. Alipokuwa darasa la nne, baba yake alikwenda kikao cha wazazi, akasimama kuuliza swali. Alikwama. Watoto walikuwa madirishani, wakacheka, wakaanza kupiga mapaja yao. Jioni ile Anania alimwambia baba yake asikanyage tena shuleni. Na Sedekia hakukanyaga. Darasa la saba mtoto anamaliza, vyeti vinatolewa, baba yuko nje ya uzio anajifanya anajaza upepo tairi la mtu. Mimi nilimwona. Anania naye alimwona, najua alimwona, maana tangu hapo hajaacha kumvalisha baba yake tai.

Nampenda mwanangu. Lakini kumzika baba mara moja kunatosha, sitamwachia amzike tena.

Siku ya msiba kwetu Iringa walitaka kutuma watani, Anania akakataa, akasema ni mambo ya kizamani, na mchungaji hakumpinga. Wewe hukuwahi kuona. Kwetu mtu akifa, mtani anavaa koti lake, anapita mbele ya waombolezaji kwa mwendo wake yule marehemu, anakohoa kikohozi chake, anakemea watu kwa sauti yake. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na katikati ya kucheka ndipo kilio cha kweli kinapotoka. Mimi kilio changu mwaka mzima kimekaa hapa kooni. Nilimlilia kidogo kidogo kama mtu anayenunua sukari ya kupima.

Mimi ni mjane, siwezi kuvaa koti la mume wangu mbele za watu. Watani hawataitwa. Lakini mjukuu ni mtani wa babu yake tangu tumboni, haitwi na mtu na hazuiwi na mtu, hata na mchungaji. Na wewe alikuita mke wake siku uliyozaliwa.

Najua unaogopa. Sikuulizi unaogopa nini.

Koti nimelianika juani.

Esta


Bwenini, Iringa
4 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma chooni, kwa sababu matroni alishaisoma kabla yangu na sikutaka anione uso. Aliponipa alikuwa ameifunga tena kwa gundi, vizuri kabisa.

Mwambie Baba Mkubwa nitasoma mimi. Mwambie hivyo tu, usiongeze. Atanifuata Ijumaa tarehe 16 na kunirudisha Jumapili.

Nikifika nitakuwa kimya, usinisumbue kwa maswali.

Koti liweke mapajani mwako, lisionekane.

Mke mwenzako,
Tumpe


Soweto, Mbeya
25 Mei 2025

Kwa mke mwenzangu, mke mkubwa, maana sasa mdogo ni mimi,

Kamwene, kamwene tena. Goti halina habari. Baba yako amerudi Makongolosi jana, ameacha turubai halijarudishwa, mwenye turubai analidai kila asubuhi. Sufuria za usharika nazo bado ziko hapa. Lakini hakuna anayenigombeza. Mtaa mzima wana moja tu la kuongea.

Naandika ili ubaki nalo, kwa sababu mtu aliyesimama mbele hajioni.

Mshereheshaji alikuita. Frida alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, nakala mkononi, kama mchezaji wa akiba. Ulisimama na karatasi yako. Nikadhani utasoma, nikasema moyoni, basi, wamemshinda. Kumbe ukanigeukia, ukaniwekea karatasi mapajani na kuchukua koti, ukalivaa. Tumpe, lilikukaa! Mabega sawa, mikono sawa, mpaka mtu nyuma yangu akasema, kumbe mzee alikuwa mdogo hivi. Bado hujasema neno, urefu wa Anania umeshaanguka.

Halafu magoti ukayapanua ukaenda. Mungu wangu. Ule mwendo, bega la kulia mbele, kama anaingiza baiskeli mlangoni. Mafundi wa Mwanjelwa walikuwa wamesimama nyuma kabisa, hawakupewa viti, wakaanza: "Huyo! Huyo mwenyewe!" Mmoja wao akavua kofia.

Ukashika kipaza sauti. "M-m-m." Watu wakatulia. Ukapiga paja. "M-m-mume wangu alikuwa mfupi!"

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile kwenye turubai la msiba. Mchungaji alificha uso kwenye Biblia, mabega yanacheza. Ukawageukia wageni kwa Kiingereza, "he was short", ukawaonyesha kwa mkono, ukawaambia na matege, ukawaambia na kipara. Yule mama wa Kijerumani akawa anaitikia kwa kichwa huku anajifuta macho. Kisha ukafika kwenye lile neno lililotoboa karatasi. "He s-s-s." Ukapiga paja. "S-s-s." Likagoma. Ukapiga tena. Watu zaidi ya mia, Tumpe, na hakuna aliyekumalizia. Wote walikumbuka kwamba Sedekia alikuwa hataki kumaliziwa neno, ukimmalizia alikuwa akikurudishia baiskeli yako bila kuitengeneza. Tulingoja. Mvua ilikuwa imeanza kugonga turubai, na tulingoja. Na lilipotoka, "stammered", lote, zima, ndipo koo langu lilipofunguka. Nililia mpaka wakanishika. Nililia kwa mwaka mzima.

Unataka kujua habari za Anania, najua. Alitoka, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji na suti yake. Nilidhani ameondoka. Watu walipokwenda kula alikuja akakaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yangu. Akasema, "Mama, mi nilimwona siku ile kule uzioni." Nikamwambia najua. Akasema, "Sikumpungia hata mkono." Nikamwambia hilo nalo najua, kula. Vile vijitabu bado viko kwenye gari lake, sanduku zima, hakuvigawa na hakuvichoma. Juzi alikuja akalichukua koti, akakaa nalo gizani sebuleni, akalirudisha msumarini. Ni kubwa kwake kiunoni na fupi mikononi, hata halimkai.

Akaniuliza ulijifunzia wapi kumwiga baba yake namna ile, mpaka pumzi zake. Watu wote wananiuliza. Mama mmoja wa kwaya anataka ukaige kwenye msiba wa kaka yake, nimemfukuza.

Mimi nimewajibu wakuulize wewe. Kuna jambo nami nataka kukuuliza, lakini siulizi.

Bibi yako,
Esta


Bwenini, Iringa
Jumapili, 8 Juni 2025

Bibi yangu Esta,

Shikamoo. Wenzetu wa madarasa ya chini wamefunga shule juzi, wamekwenda makwao na magodoro yao. Sisi Kidato cha Nne tumebakizwa kambini kwa ajili ya mtihani. Bweni limekuwa kubwa, mtu ukikohoa linakujibu. Nakula, nalala. Turubai la watu lirudisheni.

Hukuuliza, kwa hiyo nakujibu.

Sikumwiga.

Miguu nilimwiga, na bega, na kupiga paja. Sauti ilikuwa yangu. Kigugumizi kilirudi, Bibi, Kidato cha Pili, siku mwalimu aliponisimamisha nijieleze kwa Kiingereza, mimi ni nani, nikoje. Nilikwama kwenye jina langu kama Babu alivyokwama kwenye lako, ila mimi hawakunisubiri. Walinimalizia. Darasa zima lilisema "Tumpe!" kwa pamoja likacheka, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa koo kuwasha. Nilipoandika ile insha nilikuwa najiandika mimi, nikajivalisha koti la Babu. Baba Mkubwa alipokata lile neno mara mbili, alikuwa ananikata mimi bila kujua. Sikuweza kukwambia kwa sababu ya yule jogoo. Baba alishashukuru mbele ya watu wote. Ningewatiaje aibu Mungu na baba?

Sasa nasema hivi, na matroni asome vizuri: jogoo alishaliwa, na mimi bado nina kigugumizi, na sitaki kuombewa. Babu alisema sikuwa mgonjwa. Wewe ndiye uliyeniambia, na mimi nimeamua kumwamini yeye.

Pale mbele, neno lilipogoma, nilitaka kukimbia. Nikaangalia, watu wote wametulia wanangoja. Mafundi wanangoja, Wajerumani wanangoja. Walidhani wanamngojea Babu. Lakini ni mimi niliyekuwa nangojewa, Bibi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nililimaliza neno langu mwenyewe.

Juzi Mwalimu Joachim aliuliza nani atasoma mbele. Nikanyoosha mkono. Wenzangu kina Sabina wakageuka kunitazama. Nilisoma ukurasa mmoja kipindi kizima. Mmoja akataka kunimalizia neno, nikapiga paja, nikamwangalia, akafunga mdomo.

Barua hii nikiipeleka posta itakaa tena kwa karani na kikombe chake, kwa hiyo nampa mtu wa basi akuletee mkononi. Jumapili ijayo, tarehe 15, baada ya ibada, nitapanga foleni kwenye simu ya matroni. Kaa karibu na simu, uichaji. Ukipokea ukasikia kimya, si mtandao, ni mimi, neno liko njiani. Usiniite jina. Usinimalizie.

Na usikate.

Tumpe